Droni inapopoteza sauti ya anayeiongoza

Wengi wetu tumeshaona jambo hili ndani ya ibada. Mhubiri ameshika mikrofoni isiyo na waya, anafika mahali penye uzito katika neno lake, na ghafula kwenye spika inatoka sauti ya mtu mwingine: ni mchungaji wa kanisa jirani, ng'ambo ya barabara, anatangaza matoleo. Watu wanacheka, fundi wa sauti anakimbilia mashine yake, na baada ya dakika mbili yote yamesahaulika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Makanisa mawili yalinunua mikrofoni za aina moja, zenye masafa yaleyale, na hewa haina ukuta.

Kosa lilo hilo likipanda angani, ndani ya chombo kisicho na rubani, halichekeshi tena. Makutaniko yetu ya Ituri, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini yamezoea sasa mlio wa droni. Nyingine ni za vita, nyingine za kupiga picha, nyingine za misaada. Wazee wa kanisa wanatuuliza: kwa nini nyingine zinaanguka bila kupigwa? Je, ni simu zetu zinaziita? Na ndege ndogo za misheni zinazoleta dawa na wagonjwa, usalama wao ni upi wakati mawimbi ya angani yamevurugwa? Tumeamua kuyajibu maswali hayo kwa kadiri ya mambo yaliyo wazi, kwa sababu tumeona kwamba kutoyajua kumeanza kuumiza watu.

Droni ikiwa angani, inazungumza na mtu aliye chini. Yeye anaiambia: panda, geuka, shuka. Nayo inamjibu: niko hapa, betri imebaki kiasi hiki, na hii ndiyo picha ninayoiona. Mazungumzo hayo yote yanapita katika mawimbi ya redio. Zile ndogo za kupigia picha harusi na mikutano hutumia hasa masafa ya gigahezi 2.4 na 5.8, ambayo ndiyo masafa ya Wi-Fi. Masafa hayo ni kama uwanja wa wazi wa kijiji. Kila mmoja anaingia na kifaa chake bila kupewa nafasi yake peke yake, na kwa hiyo akisukumwa hana wa kumlalamikia. Kuna tena sauti ya tatu, ile ya satelaiti za GPS, inayoiambia droni iko mahali gani. Sauti ya mwongozaji ikikatika, droni inabaki ikiitegemea GPS. GPS nayo ikipotea, nyingi ya hizo ndogo zinaanza kupeperushwa na upepo.

Watu waliokuwa wakirusha ndege ndogo za redio huko Ulaya na Marekani waliujua mtego huu zamani sana. Miaka ile ya 1970 na 1980 kila telekomandi ilikuwa na kipande kidogo cha kwatsi ndani yake kilichoamua masafa yake, katika megahezi 35 kwa nchi nyingi za Ulaya, megahezi 72 kwa Marekani. Mtu akiwasha telekomandi yenye namba ileile ya mwenzake, ndege ya mwenzake iliyokuwa juu ilianguka palepale. Dawa waliyoipata haikuwa mashine. Ilikuwa ubao wenye vibanio vya nguo, kibanio kimoja kwa kila namba, umewekwa pembeni ya uwanja. Asiyeshika kibanio hawashi. Anayemaliza anakirudisha. Katikati ya miaka ya 2000 zikaja telekomandi za gigahezi 2.4 ambazo zinaweza kugawana hewa bila kuumizana, na vibanio vikawekwa kando. Tunadhani kwamba pamoja na vibanio iliwekwa kando pia desturi ya kuulizana kabla ya kuwasha.

Desturi hiyo ilitukosa sisi wenyewe. Katika mkutano mmoja wa vijana, fundi wetu wa sauti, kijana mwaminifu na mwenye bidii, alileta droni ndogo ili apige picha za maandamano. Aliirusha kutoka ua wa shule, akawafuata vijana kwa miguu mpaka uwanjani, droni ikiwa juu yao. Uwanjani palikuwa na watu wengi sana, simu nyingi zikigawa intaneti, na mashine ya Wi-Fi tuliyoiwasha sisi ili ibada ionekane mbali. Picha kwenye kioo chake ikaanza kukatikakatika, kisha ikapotea kabisa. Droni ikafanya kile ambacho nyingi za aina hiyo zimefundishwa kufanya: ikapanda mpaka urefu uliowekwa, ikageuka, ikarudi mahali ilipoanzia, ikashuka. Lakini mahali ilipoanzia, katika nusu saa ile, akina mama wa mapokezi walikuwa wamehamishia vyungu vyao. Mama mmoja aliinua mkono kujikinga na mapanga yake yakamkata. Alishonwa, akapona, akatusamehe kabla hatujamwomba.

Tulikaa na wazee tukatafuta kosa. Droni haikukosea, ilitii. Kijana alikuwa ameijaribu asubuhi, uwanja ukiwa mtupu na hewa ikiwa shwari, na ilifanya kazi vizuri. Sisi tuliowasha Wi-Fi hatukumwambia, wala yeye hakuuliza. Zaidi ya yote, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri mapema droni itakwenda wapi ikiacha kusikia. Mtu anayenunua chombo hiki huuliza kinafika mbali kiasi gani, kinakaa juu dakika ngapi, picha ni safi namna gani. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: kikinyamaziwa, kitafanya nini, na chini yake kutakuwa na nani?

Swali hilo ni lilelile kwa droni ndogo ya harusi na kwa ile kubwa kama gari. Nchi yetu ilijifunza uzito wake mapema. Mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, jeshi la Umoja wa Ulaya lililokuja Kinshasa lilikuwa na droni za Ubelgiji za aina ya B-Hunter. Tarehe 5 Oktoba mmoja wapo ilianguka mjini mara baada ya kuruka. Mwanamke mmoja alikufa, wengine wasiopungua 3 walijeruhiwa. Hatusemi kwamba ni mawimbi yaliyoiangusha. Tunaikumbusha kwa sababu ya aliyekufa: hakuwa askari, hakuwa mwongozaji, hakuwa amechagua kuwa sehemu ya safari hiyo. Rubani aliye ndani ya ndege anaogopa kuanguka pamoja nayo. Anayeongoza kutoka chini haanguki. Hofu yote ya safari imehamia kwa wale wanaopita chini, na wao hawaulizwi.

Tusiwe watu wa upande mmoja lakini. Droni zisizo na silaha ambazo MONUSCO ilianza kuzirusha kutoka Goma mwezi Desemba 2013 zilikuwa za kwanza katika kazi ya amani ya Umoja wa Mataifa, na mwezi Mei 2014 moja yao iliona boti ikizama katika Ziwa Kivu, waokoaji wakaitwa, na watu zaidi ya 10 wakatolewa majini wakiwa hai. Katika jimbo la Équateur droni zimewahi kupeleka chanjo mahali ambapo mtumbwi huchukua siku nyingi. Wenzetu wa Rwanda wamepelekewa damu hospitalini kwa droni tangu mwaka 2016. Chombo chenyewe si cha kulaani.

Tufike sasa kwenye jambo lililo zito zaidi, yaani kuvurugwa kwa makusudi. Kuna namna mbili, na ni vizuri kuzitofautisha. Ya kwanza ni kuziba: mtu anawasha mtambo unaopiga kelele katika masafa yaleyale, mpaka sauti ya kweli haisikiki. GPS ni rahisi sana kuzibwa, kwa sababu satelaiti zake ziko mbali, kama kilomita 20,200 juu ya dunia, na zinatuma kwa nguvu ya makumi machache tu ya wati, kama balbu ya zamani ya nyumbani. Sauti hiyo ikifika kwetu imekuwa ndogo kuliko mnong'ono. Mtambo mdogo ulio karibu unaifunika bila taabu.

Ya pili ni kudanganya, na hiyo ni mbaya zaidi. Hapa mtambo haupigi kelele, unaiga. Unatuma ishara zinazofanana na za satelaiti lakini zenye habari ya uongo, na chombo kinaamini kwamba kiko mahali pengine. Tunaposoma habari za Isaka mzee, macho yake yameisha, anatambua kwa kugusa ngozi na kunusa nguo, tunaona hatari yenyewe: hakukosa ishara, alikuwa nazo, na zilikuwa za mtu mwingine. Sauti peke yake ilimtia shaka, naye hakuifuata shaka yake. Rubani aliyezoea kazi akiona GPS inamwambia yuko juu ya ziwa na macho yake yanaona msitu, anaweza kuifuata shaka. Droni ya kawaida haina shaka. Ikiambiwa kwamba nyumbani ni kule, inakwenda kule.

Mambo haya si ya mbali nasi. Mwaka 2023 jeshi la taifa lilipata droni za CH-4 kutoka China. Mwezi Februari 2024 jeshi hilohilo lilisema kwamba uwanja wa ndege wa Goma umeshambuliwa kwa droni kutoka Rwanda na kwamba ndege ya kiraia imeharibiwa. Katika mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Kongo waliandika kwamba GPS ilikuwa ikizibwa na kudanganywa katika Kivu ya Kaskazini, katika maeneo yaliyokuwa chini ya M23 na jeshi la Rwanda na kandokando yake, na kwamba jambo hilo liligusa ndege nyingine pia, zikiwemo za misaada. Rwanda imekuwa ikikana kuwa na M23 katika vita hivi. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka, uwanja wake ukafungwa, na mwezi wa Februari ikawa zamu ya Kavumu na Bukavu. Sisi tuna makutaniko pande zote mbili za mstari wa vita, na msomaji ataelewa kwa nini hatuendi mbali zaidi katika kutaja nani ana mtambo gani mlima gani.

Tunachotaka kusema kinawahusu wote wenye mitambo hiyo, wa upande wowote. Watu wengi wanasifu uzibaji wa mawimbi kama silaha isiyomwaga damu: haina risasi, haina moto, inazuia tu droni ya adui isifike. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Mtambo unaoziba hauchagui wa kumziba. Unafunika anga yote iliyo mbele yake, na kila anayesikiliza masafa yale anakuwa kiziwi kwa pamoja, awe droni ya bomu, awe ndege yenye damu na chanjo. Tena droni iliyozibwa haitoweki. Ni chuma na betri na pengine mlipuko, na itashuka mahali fulani. Kama njia yake ilipita juu ya kambi ya wakimbizi, hapo ndipo inaweza kushuka. Aliyeiziba atasema ameokoa ngome yake, aliyeirusha atasema hakuikusudia kambi, na wafu watabaki bila mwenyewe.

Mfano wa nje ya Afrika unaonyesha hali hiyo kwa uchungu. Tarehe 25 Desemba 2024, siku ya Krismasi, ndege ya abiria ya Azerbaijan ilikuwa inakaribia Grozny, huko Chechnya, wakati Warusi walikuwa wanajikinga na droni za Ukraine. Marubani walipoteza GPS. Kisha ndege ikajeruhiwa kutoka nje. Rais wa Urusi mwenyewe alikuja kukubali mwaka 2025 kwamba makombora ya ulinzi yalilipuka karibu nayo. Ilivuka bahari ya Kaspi ikiwa haiongozeki vizuri, ikaanguka karibu na Aktau, Kazakhstan. Kati ya watu 67, walikufa 38. Hakuna aliyekuwa anaipigania au kuipiga vita ndege hiyo. Ilipita tu katika anga ambayo watu wengine walikuwa wanabishania.

Wala uzibaji haumalizi vita vya droni. Huko Ukraine, tangu 2024, zimeenea droni zinazokokota uzi mwembamba wa kioo nyuma yao, kilomita nyingi, ili amri zipite ndani ya uzi na si hewani. Hizo hazizibiki. Nyingine zinapewa programu ya kulitambua lengo lao zenyewe bila kusubiri amri. Kwa hiyo anayewekeza matumaini yake katika mtambo wa kuziba ananunua miezi michache, na gharama ya miezi hiyo inalipwa na ndege za watu wengine.

Ndege hizo za watu wengine tunazijua kwa majina. Tangu zamani makanisa na hospitali za mashariki zimetegemea ndege ndogo za misheni, kama zile za MAF zinazofanya kazi kutoka Bunia, kwenda mahali ambapo barabara imekufa au haipitiki kwa sababu ya silaha. Viwanja vyao ni vya majani au udongo, bila mitambo ya kumwongoza rubani kutoka chini, na mawingu ya milimani hayasubiri mtu. Hapo GPS imekuwa jicho la pili la rubani. Marubani wazuri bado wanajua kusoma ramani, saa na dira, na tunawaheshimu kwa hilo, lakini hatuwezi kuwaomba warudi kuruka kama mwaka 1960 na kubeba wagonjwa kama wa leo. Ndege ikighairi safari kwa sababu GPS haiaminiki, hakuna gazeti litakaloandika. Mama aliyekuwa anasubiri kupasuliwa atakufa kwa ugonjwa wake, na cheti chake hakitasema chochote juu ya mawimbi.

Je, sheria inasema nini? Katiba ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, UIT, katika kifungu cha 45, inazikataza nchi wanachama zisiruhusu mitambo yao iharibu mawasiliano ya wengine. Lakini kifungu cha 48 kinaziachia nchi uhuru kamili juu ya mitambo ya redio ya majeshi yao, kikiziomba tu zijitahidi kwa kadiri inavyowezekana. Ndiyo kusema, mlango ulifungwa kwa mbele ukaachwa wazi kwa nyuma. Mwezi Machi 2025 UIT pamoja na mashirika ya kimataifa ya usafiri wa anga na wa baharini yalitoa tamko la pamoja la kuonyesha wasiwasi mkubwa juu ya kuvurugwa kwa GPS. Ni tamko zuri. Hatujaona bado mtambo uliozimwa kwa ajili yake.

Kuna swali moja tuliloliahidi jibu: simu na redio zetu. Tulijibu kwa uangalifu, kwa sababu watu wanapigwa kwa ajili yake. Redio ndogo ya FM inapokea. Haimwiti mtu yeyote. Mikrofoni ya kwaya inafika mita makumi machache. Simu ni kweli inatoa mawimbi, na wenye vyombo vya pekee wanaweza kujua ilipo, ndiyo maana askari wanakatazwa kuziwasha mahali fulani. Lakini simu ya muuza mkaa haivuti droni kutoka angani kama sumaku, na anayezungumza na dada yake aliye Uvira si mwongozaji wa mabomu.

Yule fundi wetu wa sauti, miezi kadhaa baada ya mkutano wa vijana, droni ya vita ilipiga upande wa pili wa mji wetu. Kabla ya jioni watu wa kartie wakakumbuka kwamba "yule wa kanisani anarusha vile vitu" na kwamba ameweka antena juu ya paa. Antena ilikuwa ya mikrofoni za kwaya. Walimkuta nyumbani na mama yake. Alipigwa, na kama chefu wa kartie na wazee wawili wa kanisa wasingefika, tungeandika leo habari nyingine. Alilala nyumbani kwetu usiku mbili. Hatukuweza kumwambia kwamba hofu ya watu haina sababu, kwa maana sababu ilikuwa bado inatoa moshi ng'ambo. Tuliweza tu kuwaeleza majirani, mmoja mmoja, kitu gani antena ile inafanya, tukawapandisha juu ya paa wakaione, na wengine wakaomba msamaha.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji wenzetu mambo machache. Shirika linalotaka kurusha droni ya misaada juu ya makutaniko yenu, muliulize mbele ya watu: ikipoteza mawasiliano itakwenda wapi, na itapita juu ya nyumba za nani? Likishindwa kujibu, lisirushe. Droni ikianguka shambani, watoto wasiiguse, hata kama inaonekana kama kitu cha kuchezea. Ipelekwe habari tu kwa wenye kazi hiyo. Mtu akishutumiwa kwamba anaziita droni, mtume mzee wa kanisa na fundi mmoja kabla umati haujafika. Na wale miongoni mwenu wanaoweza kuzungumza na makamanda, wa upande wowote, mwaombe saa za ndege za hospitali ziheshimiwe: mtambo uzimwe kwa muda ule wa kutua na kuruka. Makamanda wamewahi kunyamazisha bunduki kwa saa chache ili chanjo ipite. Kuzima mtambo ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Fundi wetu hajairusha tena droni yake. Iko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Lakini kila Jumamosi jioni anapita kwa makanisa matatu ya jirani akiwa na daftari, anaandika namba za masafa ya mikrofoni zao, na anawapa zetu. Jumapili tatu zilizopita mhubiri wa ng'ambo ya barabara hakuingia ndani ya spika zetu hata mara moja.